Saa ya Kurudi

Safari ya majini hufanywa kwa haja au kwa furaha. Mwenye haja huondoka kwa kuwa asipoondoka watoto wake watalala na njaa, au mgonjwa wake atafia njiani, au mali yake itaoza gatini. Mwenye furaha huondoka kwa kuwa siku ni njema, rafiki wamekusanyika na chakula kimepikwa. Watu wengi hudhani kwamba wa kwanza ndiye aliye hatarini na kwamba wa pili anacheza tu. Maji hayakubali dhana hiyo, maana hayamwulizi mtu amefuata nini. Walakini liko jambo moja alilopewa mwenye furaha na kunyimwa mwenye haja, nalo ni hiari ya kuchagua saa. La kustaajabisha ni kuwa mwenye hiari hiyo aghalabu ndiye aitumiaye kidogo.

Wazee wa pwani ya bahari walipanga safari zao kwa miezi. Kaskazi iliposhika, mnamo Desemba, majahazi yalishuka kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi ilipoanza, yalirudi kwao. Kati ya pepo hizo mbili palikuwa na maleleji, majira ya upepo usio na msimamo. Mwaka wa mabaharia ulihesabiwa tangu Nairuzi, kwa miongo ya siku kumi kumi, na nahodha mzoefu aliweza kutaja mwongo ambao bahari hufunga na mwongo ambao hufunguka. Lugha ya Kiswahili imejaa maneno ya elimu hiyo, na ni fahari kuyasoma. Lakini mtu akiyafungasha maneno hayo akapanda nayo bara mpaka Mwanza, atayakuta yamechoka njiani. Ziwa Nyanza lina masika yake na vuli yake, na miezi mikavu ya Juni, Julai na Agosti. Hata hivyo hatari yake iliyo kubwa huzaliwa na kufa ndani ya siku moja. Apangaye safari huko hana budi kupanga kwa saa.

Sababu yake si siri. Ziwa hilo lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, yaani limepita Rwanda na Burundi zikiwekwa pamoja, nalo liko juu ya usawa wa bahari kwa meta 1,134 hivi. Mchana jua hupasha nchi kavu upesi kuliko maji. Hewa ya juu ya nchi hupanda, na hewa ya ziwani, iliyo baridi zaidi, huvuma kwenda ufukoni kushika nafasi yake. Ndiyo maana alasiri mawingu makubwa husimama juu ya vilima vya bara, ilhali katikati ya ziwa mbingu ni nyeupe. Jua likichwa mambo hugeuka. Nchi hupoa, maji hubaki na joto lake. Hewa hutoka pande zote za ufuko kuingia ziwani, hukutana katikati, na kwa kuwa haina pa kwenda hupanda juu, ikibeba mvuke wa maji yale ya uvuguvugu. Hapo hujengwa mawingu ya radi ambayo vilele vyake huweza kufika kilomita kumi na tano na kupita. Pepo za mashariki huyasukuma magharibi usiku kucha. Kwa sababu hiyo mwenyeji wa Bukoba au wa Entebbe huamshwa na ngurumo alfajiri, na mwenyeji wa milima ya Kericho huzingojea alasiri.

Haya ni mazoea, si sheria; wingu halikula kiapo. Lakini ni mazoea yenye nguvu, na watafiti wameyapima. Kazi zilizochapishwa mwaka 2016 na 2017, zilizotumia picha za satelaiti na hesabu za kompyuta, zilionyesha mambo mawili. Ngurumo kali za alasiri nchi kavu ni dalili ya ngurumo kali ziwani katika usiku ufuatao. Tena, kadiri dunia izidivyo kupata joto, mvua kali za usiku juu ya ziwa zinatazamiwa kuzidi ukali kuliko zile za nchi zinazolizunguka. Basi mtu asimamaye Mwanza saa tisa za mchana na kutazama upande wa nchi, kwa kiasi fulani anasoma habari za ziwa la usiku.

Wavuvi wa dagaa walilijua jambo hilo kabla ya satelaiti, wala kulijua hakukuwaokoa. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa hutaka giza. Mvuvi hutoka mwaloni magharibi na kukesha juu ya maji katika saa zile zile ambazo mawingu hujengwa. Hawezi kumwambia dagaa aje mchana. Akibaki nyumbani kila usiku wenye shaka, vuli nzima hatavua. Mvuvi huyu asihukumiwe na mtu aliyelala kitandani.

Yuko nahodha mmoja wa Mwanza, mzee wa miaka sitini na kitu, ambaye alivua dagaa kwa miaka ishirini kabla ya kununua mashua ya matembezi. Usiku mmoja alirudi mwaloni na watu wawili pungufu. Habari hiyo haielezi zaidi ya hapo, na anayemwuliza hupewa kiti na kikombe cha chai, kisha mazungumzo hugeuzwa. Mashua yake ya sasa ina mashine, viti kumi na viwili na paa la turubai. Huchukua watu kwenda kutazama mawe makubwa ya mwambao, na ndege, na visiwa. Ni kazi ya furaha, naye huifanya kwa uso wa mtu aendaye mahakamani.

Mwaka mmoja, mwezi wa Novemba, alijiwa na katibu wa chama kidogo cha walimu vijana waliokuwa wakichanga fedha kila mwezi kwa ajili ya matembezi. Katibu huyo alikuwa mwanamke mwenye bidii, mwalimu wa hesabu, na mkononi alikuwa na karatasi iliyopigwa mistari kwa rula.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu ukae.”

Akamsomea. Jumamosi, saa kumi na moja jioni kuondoka. Jua kuchwa, picha. Pilau, kuku, soda. Muziki. Mwezi mpevu kuchomoza, picha tena. Kila kitu kilikuwa na saa yake na mtu wa kukishughulikia, hata chumvi. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

“Na mawingu umeyaandika wapi?”

Katibu akacheka. “Mzee, mawingu hayakuchanga.”

“Hayakuchanga, lakini huja. Na kurudi ni saa ngapi?”

Karatasi ile haikuwa na saa ya kurudi. Jambo hili si geni. Ratiba nyingi za matembezi huandikwa hivyo: mwanzo wake una dakika, na mwisho wake huachiwa furaha yenyewe, kana kwamba furaha ni mtu mwenye saa mkononi. Kwa mpangaji wa nchi kavu upungufu huo ni mdogo, kwa maana sherehe ikichelewa watu hurudi gizani, basi. Juu ya maji, saa ya kurudi ndiyo inayotakiwa kuandikwa kwanza, na saa ya kuondoka kupatikana kwa kutoa humo muda wa njia na muda wa kukaa. Aanzaye kwa saa ya kuondoka amekwisha kuyapa maji amri ambayo hayataitii.

Nahodha alimweleza jingine ambalo mgeni wa ziwa halifikirii. Usiku wa mwezi mpevu ni usiku mzuri kwa macho na mpweke kwa chombo. Wavuvi wa dagaa hupumzika siku hizo, kwa kuwa taa zao hazina nguvu mbele ya mbalamwezi. Mwenye mashua akipatwa na taabu, mashine ikizima au wimbi likimshinda, hakuna taa ya jirani ya kuikimbilia wala jicho la kumwona. Hata hivyo hakukataa. Aliweka masharti matatu. Kila mtu avae jaketi la kujiokolea tangu gatini, si kulikalia. Yeye akisema tunageuka, wageuke pasipo kupiga kura. Na siku yenyewe, saa tisa za mchana, atatazama mbingu na kusema ndiyo au la. Katibu aliandika yote matatu chini ya karatasi, kwa herufi ndogo, baada ya chumvi.

Hapa inafaa kusema kidogo juu ya wingu lenyewe, kwa sababu watu huogopa kitu kisichostahili hofu kubwa na hupuuza kile kistahilicho. Kiswahili hutenga umeme unaoonekana, ngurumo isikiwayo na radi ipigayo. Masikioni mwa abiria yote matatu ni kitu kimoja, naye hukiogopa kwa ujumla. Kweli radi ni hatari kwa chombo cha wazi, maana juu ya maji tambarare mtu aliyeketi ndiye mti. Sauti husafiri kilomita moja kwa sekunde tatu hivi. Mtu akihesabu tangu umeme umulike hata ngurumo isikike, akagawanya kwa tatu, ameujua umbali. Na hesabu ikiwa chini ya sekunde thelathini, ambazo ni kilomita kumi, wingu limekwisha kuwa karibu mno. Baada ya ngurumo ya mwisho hungojewa nusu saa nzima ndipo watu watoke tena, kwa kuwa radi hupiga hata nje ya mvua. Akutwaye majini huwaketisha watu chini, katikati ya chombo, mbali na mlingoti na vyuma, mikono isiguse maji.

Lakini kinachopindua mashua aghalabu ni upepo. Ndani ya wingu la radi hewa iliyopozwa na mvua huanguka kwa uzito, hugonga maji, na kutawanyika pande zote. Upepo huo huitangulia mvua, na mara nyingine huitangulia kwa kilomita kadhaa. Abiria huuhisi usoni kama baraka baada ya joto la jioni, nao husema, “Ah, sasa kumepoa.” Nahodha asikiapo neno hilo huwa amechelewa. Wimbi husimama katika dakika chache, fupi na la wima, na chombo kilichojaa watu waliosimama kucheza hakina muda wa kugeuza omo. Aonaye kilele cha wingu kimetanda juu mithili ya fuawe ya mhunzi na chini pameingia weusi asingoje baridi hiyo.

Matembezi ya jioni yamepata kugharimu sana katika ziwa hilo. Tarehe 24 Novemba 2018, jioni ya Jumamosi, chombo cha starehe kiitwacho MV Templar kilizama upande wa Uganda, karibu na ufuko wa Mukono, na watu zaidi ya thelathini wakafa. Walikuwa katika ngoma. Wakuu wa serikali walitaja ubovu wa chombo na wingi wa watu kupita kiasi. Hali mbaya ya hewa ilitajwa pia. Ni vigumu kuligawa deni la msiba kati ya sababu zake, na pengine si lazima. Chombo kibovu hufika salama siku ya shwari, na kwa kufika huko mwenyewe hupata ushahidi wa uongo kwamba ni kizima.

Siku ya walimu ilifika. Asubuhi ilikuwa safi. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa upepo, mawimbi na mvua kwa ajili ya ziwa, na siku hizi huweza kusomwa kwenye simu. Siku ile ulisema kwamba usiku patakuwa na ngurumo katika baadhi ya maeneo. Katibu aliusoma, akafurahi kuona neno “baadhi.” Neno hilo ni la ukweli, na kwa sababu hiyo husomwa vibaya. Mtabiri hasemi kama mashua fulani itanyeshewa. Anasema kwamba mahali fulani katika eneo kubwa wingu litasimama. Mtu mwenye matumaini huisoma “baadhi” kuwa ni mahali pa watu wengine.

Saa tisa nahodha alipanda juu ya jiwe nyuma ya nyumba yake. Upande wa mashariki, juu ya nchi, palikuwa na minara mitatu ya wingu, mmoja umekwisha kutanda kileleni. Kwa mbali palinguruma. Aliteremka, akapiga simu, akasema la.

Walimu walikuja gatini wote kumi na mmoja, wenye masufuria. Juu ya maji mbingu ilikuwa bluu tupu, na hilo ndilo lililowachoma. Mmoja alisema mzee ameogopa uzee wake. Mwingine alisema amepata wateja wenye fedha zaidi. Mzee hakujibu, akarudisha malipo yao ya kwanza yote pia, ingawa petroli ilikuwa imekwisha kununuliwa. Nahodha jirani aliyekuwa akisikiliza akasema chombo chake ki tayari. Saba wakapanda. Wanne, pamoja na katibu, wakabaki na sufuria moja la pilau, wakala kimya juu ya mawe.

Ngurumo iliendelea bara mpaka magharibi, kisha ikafifia. Ziwa lilikaa kama kioo. Mwezi ulichomoza mwekundu, ukapanda, ukawa mweupe. Wale saba walirudi saa nne usiku wakiimba, na picha zao zilikuwa nzuri kuliko walivyotarajia. Ikasemwa kwamba mzee alikosea.

Alikosea? Swali hili ndilo kiini cha upangaji wote wa safari za furaha, na wengi hulijibu kwa haraka. Huyatazama yaliyotokea, wakatoa hukumu kwa yale yaliyoweza kutokea. Mvua ingenyesha, mzee angeitwa mwenye hekima. Haikunyesha, akaitwa mwoga. Ilhali saa tisa, juu ya jiwe, alikuwa mtu yule yule mwenye habari zile zile. Uamuzi hupimwa kwa yaliyojulikana wakati wa kuamua. Kuupima kwa yaliyokuja baadaye ni kumsifu mcheza kamari kwa kuwa ameshinda.

Katibu wa chama, kwa sifa yake, hakutosheka na maneno. Juma lililofuata alikwenda kwa mzee akiwa na karatasi ile ile, akaigeuza nyuma, akaandika hesabu. Tuseme, alisema, kwamba katika jioni hamsini za namna hii, arobaini na tisa ni shwari na moja ina msiba. Hiyo ni hatari ndogo. Mtu yeyote angeichukua mara moja. Lakini nahodha hatoki mara moja. Akitoka jioni hamsini kama hizo, uwezekano wa kurudi salama katika zote ni kiasi cha 36 katika mia. Yaani katika manahodha mia wenye desturi hiyo, sitini na wanne watazika watu kabla ya kufika jioni ya hamsini. Hamsini na moja ni namba za kukisia tu, alikiri. Lakini zikibadilishwa, kinachobadilika ni muda wa kungoja.

Mzee aliitazama karatasi kwa muda. “Kwa hiyo ninyi mlihesabu jioni moja.”

“Sisi tulihesabu jioni moja, mzee. Nawe ulikuwa unahesabu zako zote.”

“Sikujua kuwa ni hesabu,” akasema. “Nilijua kuwa ni watu.”

Tofauti ya abiria na nahodha ndiyo hiyo, nayo haiondolewi kwa tangazo wala kwa faini. Abiria hutoka mara moja kwa mwaka. Kwake uamuzi wa kughairi ni hasara iliyo dhahiri, pilau limepoa na mchango umepotea, nayo faida yake haionekani kamwe, kwa sababu msiba usiotokea hauna picha. Nahodha huishi ndani ya jumla. Kwa hiyo haifai hata kidogo neno la mwisho kuachiwa wingi wa abiria gatini, mbingu ikiwa bluu na masufuria yakinukia. Neno hilo lapasa kukabidhiwa mapema, nyumbani, fedha ya kughairi ikiwa imetengwa katika mchango, na siku ya pili ikiwa imetajwa. Watu waliokwisha kujiwekea siku ya pili hukubali la kwa urahisi. Wasio nayo hugombana na wingu.

Walimu walikwenda tena mwezi uliofuata. Karatasi ilikuwa mpya, na mstari wa kwanza juu yake uliandikwa: kurudi saa nane mchana. Waliondoka saa nne asubuhi, baada ya ngurumo za alfajiri kwisha na nusu saa kupita, wote na jaketi zao, wakazunguka mawe, wakaona ndege mnandi wakikausha mbawa, wakala juu ya kisiwa kidogo. Jua lilikuwa kali. Wawili waliugua kichwa, picha zilitoka zenye vivuli vibaya usoni, na hapakuwa na mwezi. Mmoja wa wale saba alisema waziwazi kwamba matembezi ya kwanza yalikuwa bora, na kusema kweli yalikuwa bora. Saa nane kasoro dakika kumi walifunga kamba gatini. Kwenye gati la pili nahodha jirani alikuwa anapakia soda kwa ajili ya jioni, na viti vyake vyote vilikuwa vimekwisha kulipiwa.